Kusikia si Kusikiliza

Lugha yetu ina utajiri ambao aghalabu hatuuoni kwa sababu tumezaliwa ndani yake. Kutokana na kitenzi kimoja tu, kusikia, tumepata ukoo mzima wa maneno. Mtu husikia mlango ukigongwa. Husikia pia njaa, baridi, na harufu ya mchuzi unaoungua. Mtoto mkaidi tunasema hasikii, ingawa masikio yake ni mazima. Kisha kuna kusikiliza, yaani kusikia kwa kukusudia. Na kuna kusikilizana, ambako si kupeana sauti tu bali ni kupatana. Nimefundisha fizikia ya sauti kwa miaka thelathini na moja. Nimechora ubaoni mawimbi, nimeeleza mwangwi na desibeli, lakini sikumbuki hata siku moja kuwaambia wanafunzi wangu tofauti iliyoko kati ya maneno hayo matatu. Mimi mwenyewe sikuijua. Nilikuja kuijua kando ya kitanda cha baba yangu, na baadaye nikaijua zaidi katika historia ya muziki mmoja wa ajabu, ambao mtu wa kwanza kuutunga alitaka usisikilizwe.

Baba alikuwa mtu wa reli. Aliajiriwa Tanga enzi za Reli ya Afrika Mashariki, na kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kupita kando ya mabehewa yaliyosimama, nyundo ya mpini mrefu mkononi, akigonga magurudumu moja baada ya jingine. Gurudumu zima hulia kama kengele. Lenye ufa hutoa mlio mfu. Ni ujuzi ule ule wa mama anayebisha chungu sokoni kabla hajakinunua. Abiria waliokuwa wakimtazama madirishani walidhani ni kibarua tu anayepoteza muda. Kumbe roho zao zilikuwa zimening'inia katika sikio lake. Alikuwa akituambia sisi wanawe, “Chuma husema mara moja. Usipokuwepo, hakirudii.”

Mwaka 2009 alipatwa na kiharusi. Upande wa kulia ukalala, na maneno yakampotea. Tulimlaza katika chumba cha mbele cha nyumba yetu ya Muheza, juu ya kitanda cha chuma alichokinunua mwenyewe alipostaafu. Mdogo wangu, kwa mapenzi, akaleta redio na kuiweka kwenye kigoda karibu na kichwa chake. “Baba asione upweke,” alisema. Ikawashwa alfajiri, ikazimwa usiku sote tukienda kulala. Taarifa ya habari, muziki, mpira, matangazo ya vifo, muziki tena. Wageni walitusifu kwa kumtunza vema. Nami nilikuwa nikija kila mwisho wa juma, nikikaa pale kitini, nikisoma gazeti, na moyo wangu ulikuwa umetulia. Jinsi redio ile ilivyokuja kuzimwa nitaeleza mbele.

Baba alifariki mwaka 2010. Miezi michache baadaye, nilipokuwa nikipanga vitu vyangu vya zamani, nilikuta kaseti niliyoachiwa mwaka 1985 na mwalimu wa hisabati wa kujitolea aliyekuwa akirudi kwao Uingereza. Niliikumbuka vizuri. Wakati ule niliitia katika redio kaseti, nikasikia piano ikigusa sauti chache, ikanyamaza, ikagusa tena. Hakuna ngoma, hakuna mwimbaji, hakuna kinachoanza wala kinachokwisha. Nilidhani utepe umenasa. Niliukaza kwa kalamu ya risasi, nikafungua hata parafujo, kisha nikaitupa sandukuni. Sasa nikaicheza upya, usiku, katika nyumba iliyopungukiwa na mtu mmoja, na safari hii sikudhani imeharibika. Nikataka kujua ni kitu gani. Jina lake ni *Music for Airports*, yaani muziki wa viwanja vya ndege, na mtungaji ni Mwingereza Brian Eno. Aina hii ya muziki huitwa ambienti, neno lenye asili ya Kilatini na maana ya kuzunguka pande zote. Mimi nimezoea kuuita muziki wa mazingira.

Asili yake ni ya zamani kuliko kaseti. Mfaransa Erik Satie alizaliwa mwaka 1866, na ujanani alijipatia riziki kwa kupiga piano katika vilabu vya Montmartre, Paris. Anayepiga piano kilabuni hujifunza jambo moja upesi: watu hawakuja kwa ajili yake. Wapo wanaozungumza, wapo wanaokula, wapo wanaochumbiana. Satie hakulifanya jambo hilo kuwa kinyongo. Alilifanya kuwa wazo. Mchoraji Fernand Léger alisimulia kwamba siku moja walikuwa mkahawani pamoja, bendi ikapiga kwa kishindo hata wakashindwa kuvumilia wakatoka nje. Hapo Satie akasema kuwa unahitajika muziki ulio sehemu ya chumba, wa kulainisha mlio wa visu na uma bila kuufunika, na wa kujaza kile kimya kizito kinachowaangukia wageni wasio na la kusema. Mwaka 1917 akaanza kutunga kile alichokiita muziki wa samani. Kiti hakidai utazamwe. Kipo, kinakusaidia, basi.

Tarehe 8 Machi 1920, katika ukumbi mmoja wa maonyesho ya picha mjini Paris, muziki huo ukajaribiwa mbele ya watu. Kulikuwa na mchezo wa kuigiza, na wakati wa mapumziko Satie na mwenzake Darius Milhaud waliwaweka wapigaji mbalimbali: klarineti kwenye pembe za ukumbi, piano pembe nyingine, tromboni juu. Watazamaji walikuwa wameombwa wasiujali muziki huo kama wasivyoijali taa ya darini. Milhaud ameeleza kilichotokea. Mara tu muziki ulipoanza, watu waliacha kutembea, wakarudi vitini mwao, wakanyamaza na kusikiliza. Satie akawa anazunguka huku akiwapigia kelele wazungumze, watembee, wasisikilize! Hakuna aliyemtii.

Nimelifikiria sana tukio hili. Huenda ndiyo mara pekee mtungaji kukasirika kwa sababu watu wamemsikiliza. Linanifundisha kwamba sikio haliamrishwi kutoka nje. Lakini linanifundisha pia kwamba Satie alikuwa na heshima fulani kwa wale waliokuwamo ukumbini: alitaka mazungumzo yao yawe ndiyo jambo kubwa, na muziki wake uwe mtumishi.

Waliomfuata walichukua wazo lililofanana na hilo wakaligeuza kuwa biashara. George Owen Squier, meja jenerali wa jeshi la Marekani na mtaalamu wa umeme, alikuwa amegundua namna ya kupeleka sauti kupitia nyaya, na mwaka 1934 kampuni iliyotokana na kazi yake ikapewa jina la Muzak: nusu ya neno la Kiingereza la muziki ikaunganishwa na nusu ya Kodak, jina la kampuni ya kamera. Nyimbo zikaingia katika hoteli na mikahawa, kisha viwandani, maofisini na katika lifti. Katika miaka ya 1940 Muzak ilibuni utaratibu wa vipande vya dakika 15, vinavyoanza polepole na kumalizika kwa uchangamfu, kisha kimya cha dakika 15, ili kumwinua mfanyakazi katika saa anazochoka. Huko Uingereza nako, kuanzia Juni 1940, wakati wa vita, Shirika la Utangazaji la BBC lilitangaza kipindi cha muziki kwa ajili ya viwanda mara mbili kwa siku, nusu saa kila mara.

Sina ugomvi na mwanamke aliyesimama saa kumi mbele ya mashine akafarijika kwa wimbo. Lakini tazama kilichobadilika. Satie alitaka muziki uwatumikie waliomo chumbani. Huu sasa ulimtumikia yule asiyekuwemo, mwenye kiwanda, mwenye duka. Aliyemo hakuulizwa kama anautaka, na hakuwa na mahali pa kuuzima. Mwanamuziki wa Kanada R. Murray Schafer, aliyeongoza utafiti mkubwa wa sauti za miji na vijiji katika Chuo Kikuu cha Simon Fraser, alikuwa akikumbusha kwamba jicho lina kope na sikio halina. Kwa sababu hiyo hiyo, mwaka 1969 Baraza la Kimataifa la Muziki, lililoundwa chini ya UNESCO, lilipitisha azimio la kulaani matumizi mabaya ya muziki wa kurekodiwa mahali pa faragha na pa hadhara, na kutetea haki ya kila mtu kupata kimya. Wanamuziki wenyewe ndio waliodai kimya! Nilipolisoma azimio hilo nilikumbuka kigoda kando ya kitanda, nikaona haya.

Kimya nacho kina historia yake. Mwaka 1948 Mmarekani John Cage alieleza katika mhadhara kwamba anatamani kutunga kipande cha kimya kitupu cha dakika tatu au nne hivi na kuiuzia Muzak. Watu walidhani ni mzaha. Mwaka 1951 aliingia katika chumba kisicho na mwangwi katika Chuo Kikuu cha Harvard, chumba ambacho kuta zake hunyonya kila mlio. Alitarajia asisikie kitu. Akasikia sauti mbili, moja nyembamba na moja nzito. Akaambiwa na mhandisi kwamba ile nyembamba ni ya neva zake na ile nzito ni damu yake ikizunguka. Kama mwalimu wa fizikia, hiyo ya neva naitilia shaka. Hata hivyo Cage alitoka mle na jambo ambalo si la kutiliwa shaka: madamu mtu yu hai, kimya kitupu hakipo.

Tarehe 29 Agosti 1952, karibu na Woodstock, jimbo la New York, mpiga piano David Tudor aliketi mbele ya piano katika ukumbi wa mbao ulio wazi upande mmoja kuelekea msituni. Akafunika kinanda, akatazama saa, na kwa dakika 4 na sekunde 33 hakugusa hata kibonyezo kimoja. Alifunika na kufunua mara tatu tu, kuonyesha sehemu tatu za utungo. Wengi walikasirika. Lakini Cage alikumbuka kwamba katika sehemu ya kwanza upepo ulisikika nje. Katika ya pili mvua ikaanza kudonda juu ya paa. Katika ya tatu watu wenyewe wakatoa sauti, wakinong'ona na kuondoka. Wahenga wetu walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Sisi tuliitumia methali hiyo kumwogopesha mtu na hasira ya mnyamavu. Cage aliichukua kwa maana yake halisi bila kuijua.

Katika miaka hiyo chombo kingine kilikuwa kimeanza kuwafundisha watu kusikiliza, nacho ni kinasa sauti. Mwaka 1948 Mfaransa Pierre Schaeffer, mhandisi wa redio, alikwenda stesheni ya Batignolles, Paris, akanasa milio ya garimoshi, akaikata na kuipanga, ikatangazwa redioni kama muziki. Namwaza Baba, mwaka huo akiwa kijana, ambaye baadaye angelipwa mshahara kwa kusikiliza magurudumu. Angecheka kusikia kwamba kuna mtu Paris anayaita muziki. Au pengine asingecheka.

Na mwaka 1953 binti mmoja wa Houston, Pauline Oliveros, alipewa na mama yake kinasa sauti kwa kutimiza miaka 21. Aliweka maikrofoni dirishani akanasa yaliyokuwa nje. Alipoucheza utepe, alikuta milio ambayo hakuisikia wakati akinasa, ingawa alikuwa pale pale. Mashine ilisikia kuliko yeye! Tangu siku hiyo akajiwekea amri ya kusikiliza kila kitu kila wakati, na kujikumbusha pindi anapoona ameacha. Miaka thelathini na mitano baadaye, Oktoba 1988, aliteremka na wenzake wawili katika tangi tupu la maji chini ya ardhi katika jimbo la Washington, ambamo sauti moja hudumu takriban sekunde 45 kabla haijafa. Mle ndani huwezi kupiga upesi, kwa sababu uliyopiga nusu dakika iliyopita bado ipo inakungoja. Lazima usikilize kwanza ndipo uongeze. Kutokana na safari hiyo alipata jina la kazi yake ya maisha, usikilizaji wa kina, akaufundisha mpaka alipofariki mwaka 2016.

Sasa nafika kwa mtu wa kaseti yangu. Januari 1975 Brian Eno aligongwa na teksi mjini London, akarudishwa nyumbani kulala kitandani. Rafiki yake, Judy Nylon, akamletea santuri ya muziki wa kinubi wa karne ya 18. Kwa masimulizi ya Eno mwenyewe, yule rafiki alipoondoka, yeye alijikokota kwa shida akaiweka santuri, akarudi kulala, ndipo akagundua kwamba sauti iko chini mno na spika moja haifanyi kazi. Hakuwa na nguvu za kuinuka tena. Nje mvua ilikuwa ikinyesha. Akalazimika kulala hivyo hivyo, huku kinubi kikisikika kwa vipande tu, nyuzi zenye mlio mkubwa zikichomoza katika mvua kama visiwa. Pole pole akaacha kukereka. Akaona muziki unaweza kuwa sehemu ya chumba, kama mwanga na kama mvua yenyewe. Mwaka huo huo akatoa santuri ya *Discreet Music*.

Nilipoisoma habari hii niliweka karatasi chini. Mgonjwa yule wa London hakuweza kuinuka kuongeza sauti. Mgonjwa wangu wa Muheza hakuweza kuinuka kupunguza.

Hata hivyo hadithi ina upande wa pili, nao ndio ninaoupenda zaidi. Judy Nylon amekuja kueleza kwamba haikuwa ajali ya spika tupu. Anavyokumbuka yeye, alikuwapo pale. Mvua ilikuwa ikinyesha, na wao wawili walirekebisha sauti pamoja hata ikalingana na mvua. Sijui nani anakumbuka sawasawa, wala si kazi yangu kuamua. Najua tu kwamba katika masimulizi ya kwanza mgonjwa yu peke yake na mashine, na katika ya pili yupo mtu kando ya kitanda anayemtazama usoni na kumuuliza: hivi? au kidogo?

Siku moja, akiwa katika uwanja wa ndege wa Cologne, Ujerumani, Eno aliona jengo zuri limeharibiwa na muziki usiofaa, akaamua kutunga ule utakaofaa. Santuri ikatoka mwaka 1978. Katika maelezo yake alijitenga kabisa na Muzak: ule, alisema kwa maneno yake, hufunika tabia ya mahali na kuondoa shaka zote, huu uiache tabia ya mahali na umpe mtu utulivu na nafasi ya kuwaza. Uwe ni muziki unaoweza kupuuzwa bila hasara na kusikilizwa bila kuchosha. Mwaka 1980 ulichezwa katika jengo moja la abiria la uwanja wa LaGuardia, New York.

Namna ulivyotengenezwa ilinifurahisha mimi mwalimu. Katika kipande kimojawapo Eno alinasa sauti za watu wakiimba “aa”, kila noti peke yake, kisha utepe wa kila noti akaufunga kitanzi. Vitanzi vilikuwa virefu hata ikabidi vizungushwe kwenye miguu ya viti vya studio. Kwa makadirio aliyoyataja, kimoja kilirudi kila baada ya sekunde 23 na nusu, cha pili sekunde 25 na sehemu saba za nane, cha tatu sekunde 29 na sehemu kumi na tano za kumi na sita. Ni kama mabasi matatu yanayotoka stendi pamoja, kila moja na mzunguko wake: yatakutana tena lini? Nilikaa mezani nikapiga hesabu ya kigawe kidogo cha shirika. Kwa vitanzi hivyo vitatu tu, jibu ni karibu siku 27. Kipande chenyewe hakifiki hata dakika kumi. Maana yake, unachokisikia hakijirudii hata mara moja, ingawa kila sauti iliyomo inajirudia tu. Mwaka 1985 nilidhani utepe umenasa mahali pamoja. Kumbe mimi ndiye niliyekuwa nimenasa.

Wazo likasafiri. Nchini Japani, ambako muziki wa Satie ulikuwa na wapenzi wengi, Hiroshi Yoshimura alitoa mwaka 1982 santuri ya vipande tisa vifupi vilivyochezwa katika Jumba la Sanaa la Hara, Tokyo, vyepesi kama postikadi. Yoshimura alifariki mwaka 2003, na jumba hilo lilifungwa Januari 2021, lakini muziki wake leo una wasikilizaji wengi duniani kuliko alipokuwa hai.

Nirudi sasa Muheza kama nilivyoahidi. Ilikuwa Jumamosi, miezi mitano tangu Baba aanguke. Nilikuwa kitini na gazeti langu, redio ikiendelea, na umeme ukakatika. Kwanza nilisikia jogoo wa jirani. Kisha mama akichambua mchele kwenye ungo, uani. Halafu nikasikia mlio mdogo wa chuma, karibu kabisa nami: ti-ti. Kimya. Ti-ti. Nilitazama darini, nikatazama dirishani. Mwishowe nikatazama kitandani. Ulikuwa mkono wa kushoto wa Baba. Alikuwa akigonga chuma cha kitanda kwa kucha ya kidole gumba.

Mkono ule ulikuwa ukitikisika siku zote, nasi tulisema ni ugonjwa. Niliinama nikatazama mahali alipokuwa akigonga. Rangi ilikuwa imebanduka, chuma kikaonekana kinang'aa, duara dogo kama sarafu. Rangi ya kitanda haibanduki kwa siku moja, ndugu msomaji, wala kwa wiki moja. Ilikuwa imebanduliwa kwa kucha.

Nikasema, “Baba, ni wewe unayeita?” Akafumba macho, akayafumbua, machozi yakamtoka upande mmoja. Nikauliza kama anataka maji. Akagonga mara moja. Kugeuzwa? Mara moja. Dirisha? Akagonga mara mbili. Nililifungua. Umeme ulirudi jioni, redio ikaanza kusema katikati ya sentensi, na yeye akagonga mara mbili tena, akiitazama. Mdogo wangu ndiye aliyeizima. Hakuna aliyesema neno.

Aliishi miezi saba baada ya hapo. Tulijifunza lugha yake kidogo kidogo: moja ni la, mbili ni ndiyo, tatu ni njoo. Kulikuwa na mgongo mwingine, mrefu na wa polepole, usiotaka kitu. Nadhani alikuwa akikikagua kitanda tu. Hakukatazwa redio. Saa mbili usiku tulimuuliza kama anataka taarifa ya habari, na mara nyingi alitaka. Baadaye tuliuliza kama tuizime, na tulizima. Miezi ile saba tulisikilizana na Baba kuliko miaka mingi iliyotangulia. Ile mitano ya kwanza hairudi. Kama alivyosema mwenyewe, chuma husema mara moja. Yeye alitustahi, akasema mara maelfu.

Leo kila mtu ana simu mfukoni, na simu ina saa nyingi zisizohesabika za muziki wa kulalia, wa kusomea, wa kufanyia kazi, mvua iliyorekodiwa na mawimbi ya bahari yasiyo na bahari. Muziki wa mazingira, uliozaliwa kama jibu kwa Muzak, mara nyingi unatumika kama Muzak: kufunika. Jina lenyewe la Muzak liliondolewa sokoni mwaka 2013, lakini kazi yake inaendelea. Siulaumu muziki, kaseti yangu bado naicheza. Nimejifunza tu kwamba sauti ile ile inaweza kufungua chumba au kukifunga, na kinachoamua si mtungaji. Ni kama yupo mtu chumbani anayeweza kusema hapana, na kama yupo wa kumsikia.

Mwaka jana nilikwenda kumtazama shemeji yangu aliyefanyiwa upasuaji. Wanawe walikuwa wamemwashia kaswida nzuri, kwa mapenzi, kama mdogo wangu alivyofanya. Nilikaa kidogo, kisha nikamuuliza, “Shemeji, niiache hivi au niizime?”

Alifikiri kwanza. Nadhani hakuna aliyekuwa amemuuliza.

“Ipunguze kidogo tu,” alisema. “Nasikia kama mvua inakuja.”